Je, wajua? Mkataba wa mabomu ya ardhini haukuyakataza yote

Uliza watu wa Goma, iwe Birere au Ndosho, kama mabomu ya kutegwa ardhini yanaruhusiwa vitani. Wengi watakujibu palepale kwamba yalishakatazwa zamani. Hiyo ni nusu ya kweli. Mkataba wenyewe ulitiwa saini Ottawa, Kanada, Desemba 1997, ukaanza kazi tarehe 1 Machi 1999, na Kongo yetu ikajiunga 2002. Lakini unakataza aina moja tu: bomu la kutegea watu. Bomu la kutegea magari, lenye baruti ya kuvunja kifaru, halimo. Kombora lililoanguka bila kulipuka halimo, na guruneti vilevile.

Cha ajabu zaidi ni Claymore ya Wamarekani. Ni kisanduku kilichopinda, kimejaa gololi za chuma zipatazo 700, na kikilipuka zote huruka upande mmoja. Askari akijificha pembeni na swichi mkononi, akakilipua mwenyewe, mkataba haumgusi. Kisanduku hichohicho kikifungiwa uzi unaokatiza njia ya shamba, ili anayepita aukwae, ni haramu. Baruti ni ileile, gololi ni zilezile.

Unaweza kusema huo ni ujanja wa mawakili, na wapo wanaosema hivyo. Ila mantiki ipo. Mkataba haupimi ukubwa wa mlipuko, unauliza nani anaufyatua. Mwenye swichi, akitaka, anaweza kuona kwamba anayekuja ni mama na kitunga chake cha mihogo, akaacha. Bomu la kukanyagwa linafyatuliwa na yuleyule linayemuua, na vita ikiisha halina wa kuliambia.

Chukua M14, bomu dogo la plastiki linaloenea kiganjani. Lina gramu 29 tu za baruti, kiasi cha kuchukua mguu. Moyo wake ni kisahani chembamba cha chuma kilichobinuka katikati, mfano wa kifuniko cha bati cha chupa ya jemu, kile chenye kitufe kilichovimba. Kibonyeze taratibu kwa kidole: kinagoma, kinagoma, halafu ghafla kinaruka upande wa pili, tak! Hakuna katikati. Ukibonyeza kidogo hata mara mia, kinarudi kilivyokuwa. Ukivuka kiwango chake, kimekwisha kugeuka, na kuondoa kidole hakusaidii. Tena kinaruka kwa kasi yake chenyewe, hata kama kidole kilikwenda polepole. Ndani ya M14, mruko huo ndio unaosukuma sindano kwenye kiwashio. Mguu ushuke kwa mwendo wa mzee au wa anayekimbia, sindano inakwenda vilevile.

Kwa hiyo ile sinema ambamo shujaa anasikia "klik", anaganda na mguu juu ya bomu, na mwenzake anaanza kuchimba kwa kisu, haielezi mabomu ya kawaida ya kukanyagwa. Klik na mlipuko huja pamoja. Mitego inayolipuka mzigo ukiondolewa ipo kweli, lakini mara nyingi hutegewa wale wanaokuja kutegua.

Sasa uzito. M14 inahitaji kilo 9 hadi 16 hivi. Mtoto wa darasa la kwanza anatosha. TM-62 ya Kirusi, ya magari, inaanzia kama kilo 150. Basi kati ya bomu la kukanyagwa lililo haramu na lililo halali, mpaka kwa sehemu kubwa ni ugumu wa springi, na sidhani kama kuna sheria nyingine ya vita iliyosimama juu ya kipande cha chuma namna hii.

Ukiuleta mpaka huo kwetu, unaanza kuvuja. Chukudu inayoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi imebeba mamia ya kilo juu ya magurudumu mawili tu. Fuso ya makala ina abiria wamekaa juu ya mzigo. Kwa maandishi ya Ottawa, bomu litakalowalipua hao ni la magari.

Ubishi unakolea kwa mabomu ya magari yenye kiwashio chepesi, kwa mfano cha uzi, kiasi kwamba hata mtu kwa miguu anaweza kulifyatua. CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, inasema likiweza kufyatuliwa na mtu, ni haramu, liitwe jina lolote. Baadhi ya serikali zinajibu kwamba cha kuangaliwa ni alichokusudia mtengenezaji. Maandishi ya 1997 hayakuumaliza ubishi huo. Mimi naona CICR wana hoja: mtengenezaji hayupo barabarani, mguu upo.

Na hata hicho kidogo kilichokatazwa kinatikisika. Marekani, Urusi na China hazikujiunga kamwe. Mwaka 2025 Ufini, Poland, Estonia, Latvia na Lithuania zilitangaza kujitoa, zikisema jirani yao Urusi anayatumia Ukraine na wao hawawezi kulinda mpaka mikono mitupu. Norwei, nayo jirani wa Urusi, imebaki. Ukraine ilitangaza kusimamisha utekelezaji, ingawa mkataba unasema nchi iliyo vitani haiwezi kujitoa mpaka vita viishe. Upande wa pili wa mizani, mwaka 2023 walihesabiwa watu 5,757 waliouawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na masalia ya vita, na kati ya waliojulikana hali yao, 84 kwa mia walikuwa raia. Bila shaka hesabu ni pungufu. Huko porini nani anaandika?

Goma yenyewe ina mambo yake. Mengi yaliyoachwa mitaani na kwenye kambi baada ya mapigano ya Januari 2025 ni makombora na maguruneti, yaani vitu ambavyo Ottawa haivihusu, ingawa midomoni mwa watu vyote ni "mine". Na anayetafuta bomu lililofukiwa kwa kifaa cha kunusa chuma anapata shida ya ziada kwenye udongo wa volkano: madini ya chuma yaliyomo humo yanaweza kukipigisha kelele pasipo na kitu, wakati bomu la plastiki kama M14 halina chuma cha maana.

Ndiyo maana wapo wanaonusa baruti badala ya chuma. Shirika la APOPO, lenye makao Morogoro, Tanzania, linafundisha panya buku kazi hiyo. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu 2020. Alikuwa na kilo 1.2, na kisahani cha M14 hakigeuki kwa uzito huo.