Kusaidiana kazini sio kuchangia keki tu

Watu wengi wakisikia habari za kusaidiana kazini wanawaza michango ya misiba, keki ya bethdei na grupu la WhatsApp la ofisi. Sibezi, ila sisi wa afya na usalama kazini tunaangalia kitu kingine: ukikwama saa nane usiku, unaweza kumuuliza mwenzako bila kuchekwa?

Chukulia wodini. Nesi mgeni anaingia shifti ya usiku, aliyemtangulia kamkabidhi harakaharaka maana anawahi daladala, kasahau kumwambia dozi ya insulini ya mgonjwa wa kitanda cha dirishani imepunguzwa, na kwenye faili mwandiko hausomeki. Kama nesi mzoefu aliyepo ni wale wa "kwani chuoni mlisoma nini?", basi huyu mgeni hatauliza, atakisia. Hapo ndo kosa linatokea, na kazi anaijua vizuri tu.

WHO walijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji kwenye hospitali 8 duniani, mojawapo ya hapa kwetu Ifakara, matokeo yakatoka 2009. Kati ya vipengele vyake, kabla kisu hakijagusa ngozi kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake, kuanzia daktari bingwa mpaka mtu wa usingizi. Inaonekana kama utoto eeh, lakini mtu akishatoa sauti mara moja, ni rahisi kuitoa tena akiona mambo yanaenda kombo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara kutoka 11 hadi 7. Sio majina peke yake, orodha inakagua na antibayotiki na mengine mengi, ila timu kuongea ni sehemu yake.

Kwa mabosi sasa. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1990 alikuta wodi zenye timu nzuri ndo zinaripoti makosa mengi zaidi ya dawa, akaona kumbe huko watu hawaogopi kuyasema. Kwa hiyo ripoti yako ikija safi kila mwezi usishangilie haraka.

Halafu kuna yule anayeulizwa na kila mtu, mnamchosha jamani. Kuelekeza wenzake nako ni kazi, mpunguzieni wagonjwa kwenye ratiba na muiandike kwenye tathmini yake.