Kisukari Si Cha Mlafi Tu

Wasemavyo: "Angeacha halua na mahamri, asingeugua."

Ukweli: Chakula na kukaa kitako vina sehemu yao, tena kubwa. Lakini kumlaumu kila mgonjwa ni kumwonea. Serikali ya Marekani tangu 2001 huwalipa fidia wanajeshi wake wa vita vya Vietnam wanaopata kisukari cha aina ya pili, kwa sababu huko ilinyunyizwa dawa ya kuua majani iliyochanganyika na sumu ziitwazo dioksini. Dioksini hizo huzuka pia mtu anapochoma taka zenye plastiki, hasa nyaya na mabomba ya PVC. Na sisi Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Changamwe, taka twazichoma uani, watoto wakicheza pembeni.

Wasemavyo: "Ingekuwa sumu kweli, ingeshatuua."

Ukweli: Iko sumu ya kuua na iko ya kupotosha homoni, na hii ya pili haihitaji wingi, kwa kuwa homoni zenyewe hufanya kazi kwa viwango vidogo mno. Waliozoea bandari ya Kilindini wanajua rangi inayopakwa chini ya meli ili viumbe vya baharini visigande. Kwa miaka mingi rangi hiyo ilitiwa kemikali iitwayo tributiltini. Konokono majike wa baharini wakaota uume, wengine wakashindwa kuzaa. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ukapitishwa 2001, ukaanza kutumika 2008.

Haikuishia kwa konokono. Mwaka 2006 Felix Grün, Bruce Blumberg na wenzao, huko California, walichapisha matokeo ya kuwapa kemikali hiyo panya wenye mimba. Watoto walizaliwa na mafuta zaidi mwilini, na unene ni njia mojawapo ya kufikia kisukari. Kemikali ile hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea amri, vinavyoiamuru seli changa igeuke seli ya mafuta. Mwana huyo alikuwa hajaonja hata tone la maziwa. Ulafi wake uko wapi?

Wasemavyo: "Unene ni maradhi ya binadamu, mnyama hanywi soda."

Ukweli: Utafiti wa 2010 uliopitia wanyama zaidi ya 20,000 wa aina 8 uliona uzito ukipanda kwa miongo, hata kwa wanyama wa maabara, ambao lishe yao husimamiwa. Sababu haijathibitishwa, ila kemikali za mazingira ni miongoni mwa zinazoshukiwa.

Wasemavyo: "Kuku wa kienyeji hana kemikali, na ukipika kila kitu hufa."

Ukweli: Kupika huua vijidudu. Dioksini haziogopi moto wa jikoni, na madini ya risasi vilevile. Kuku anayeparura jaani humeza udongo na majivu, dioksini zikajikusanya kwenye mafuta yake na kiini cha yai. Mzungushie wavu, mbali na pale taka zilipochomwa, hata kama moto ulizimika zamani. Majivu yakishazama udongoni, dioksini hukaa humo miaka na miaka.