Mwanao akichagua mhusika wa kike

Mwezi huu pekee nimelisikia mara tatu. Mzazi anaingia ofisini kwangu hapa Ngara, anaketi, anashusha sauti: "Daktari, kijana wangu akicheza gemu anakuwa msichana. Ameanza kuharibika?" Wa mwisho alikuwa baba aliyekwisha kufuta gemu nzima kabla ya kumuuliza mwanawe neno hata moja. Iliniuma.

Hajaharibika. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuwachunguza wachezaji wa World of Warcraft, gemu inayochezwa na wengi pamoja mtandaoni, na wanaume 23 hivi kati ya kila 100 walitumia mhusika wa kike. Maneno yao kwenye gumzo yalibadilika kidogo, wakaongeza alama za mshangao. Mwendo haukubadilika: waliruka-ruka zaidi kuliko wachezaji wanawake na kukaa mbali na kundi. Walibadilisha umbo la mhusika, wakabaki walewale.

Vijana wenyewe hunieleza sababu bila kificho. Katika RPG nyingi, yaani gemu za hadithi ambamo unaigiza mhusika mmoja, kamera hukaa nyuma ya mhusika, na gemu moja inaweza kula saa 60. Ukitazama mgongo wa mtu muda wote huo, unachagua unayependa kumtazama. Wengine wameshamaliza hadithi kwa mhusika wa kiume na wanataka kuirudia upya. Katika RPG ya Mass Effect ya 2007, ukimchagua shujaa Shepard awe wa kike unasikia sauti ya mwigizaji Jennifer Hale badala ya ile ya Mark Meer, anayemsemea Shepard wa kiume, na hadithi inakuja na ladha nyingine. Nyanya yangu akitamba hadithi alikuwa zimwi, mara sungura, mara binti wa mfalme, na sote tulijua ni nyanya. Kwa nini mtoto anyimwe ruhusa hiyo kwa sababu tu ameshika padi?

Mzazi, kabla ya kuja kwangu, keti kando yake nusu saa. Weka simu mbali. Mwambie akuonyeshe alivyomtengeneza huyo mhusika, amempa jina gani, anapigania nini. Nawaambia wote hivyo, na sitachoka kuwaambia.

Kuna madai mengine matatu ninayoyasikia, nami huyajibu hivi.

"Mwanamke ni dhaifu kwenye gemu." Katika RPG ya Oblivion ya 2006 jinsia ilibadilisha uwezo wa mhusika wa kuanzia. Skyrim ya 2011, iliyoifuata, iliondoa jambo hilo.

"RPG ni za wavulana." Shujaa wa Phantasy Star, RPG ya mwaka 1987, ni msichana aitwaye Alis, na Rieko Kodama, mwanamke, alikuwa miongoni mwa walioichora.

"Siku hizi wanawake wamejaa humo." Hili nalisikia kwa vijana. Utafiti wa 2023 ulipima mazungumzo ya RPG 50: wahusika wa kike walipewa takriban asilimia 35 ya maneno. Hali inaboreka, ila polepole.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine. Wasichana wanaokuja kwangu huniambia huchagua mhusika wa kiume na kuzima maiki, kwa sababu sauti yao ikisikika tu matusi huanza. Baba aliyefuta ile gemu nilimpa swali moja aende nalo nyumbani: mwanao akisikia sauti ya msichana kwenye hedifoni, humwambia nini?