Ugonjwa wa kuambukiza ni nini: kimelea na njia yake

Simama kwenye duka lolote la dawa Manzese au Mbagala wakati wa masika, hutachelewa kumsikia mtu akisema, "Nina homa, nipatie ya malaria." Muuzaji anauliza kama ni dozi ya mtu mzima, hela inatolewa, mseto unafungwa kwenye bahasha. Hakuna aliyepimwa.

Homa si ugonjwa. Ni dalili kwamba mwili unapambana na kitu, na karibu kila homa inayotusumbua Dar huanza vivyo hivyo: mwili wa moto, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Cha kujua ni mwili unapambana na nini.

Ugonjwa wa kuambukiza ni ule unaoletwa na kimelea kilichotoka nje, kikaingia mwilini na mara nyingi kikazaliana humo. Kisukari na presha havimo kwenye kundi hili, ingawa navyo vinaua. Na kuambukiza hakumaanishi lazima mtu ampe mtu. Ukilala kitanda kimoja na mwenye malaria hupati malaria, mpaka mbu awe amepita katikati. Pepopunda ndiyo haitoki kwa mtu kabisa: bakteria wake hukaa kwenye udongo na vumbi, wakasubiri msumari au jeraha. Kwa hiyo kila ugonjwa wa aina hii una mambo mawili ya kuuliza: kimelea gani, na kimepita wapi.

Vimelea vyenyewe ni vya makundi machache. Kuna bakteria, kuna virusi, kuna fangasi kama wale wa mapunye, kuna minyoo, na kuna viumbe wa chembe moja kama plasmodiamu wa malaria na ameba. Tofauti hizi si za darasani tu. Bakteria ni chembe kamili, ana ukuta wake, na dawa kama amoksilini humuua kwa kuuharibu ukuta huo. Kirusi hana ukuta wa namna hiyo. Huingia ndani ya chembe zetu na kuzitumia kujizalisha. Ndiyo maana "rangi mbili", ile kapsuli ya antibayotiki, unayonunua kwa sababu ya mafua haikusaidii kitu. Mafua yangepona yenyewe, wewe ukaisifu dawa. Wakati huo bakteria waliokuwa wametulia mwilini mwako wamepata nafasi ya kuizoea.

Njia ndiyo inayonivutia zaidi, na jiji hili linafundisha vizuri kwa mbu peke yao. Mbu wa malaria ni anofelesi. Huuma zaidi usiku, na hupenda kutagia maji yaliyotulia yasiyo machafu sana, kama madimbwi ya mvua na mifereji ya bustani za mchicha mabondeni. Mbu wa dengi ni edesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu anauma mchana, umekaa ofisini au kibarazani, na hahitaji dimbwi: tairi bovu nyuma ya gereji, kifuu cha nazi, kopo, kisahani cha chini ya ua, vyote vinamtosha. Wa tatu ni kuleksi, mbu wa usiku anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro michafu. Huyo ndiye msambazaji mkubwa wa matende na mabusha hapa mjini. Chandarua kinakusaidia sana kwa anofelesi na kuleksi. Kwa edesi wa saa nne asubuhi, hakikufai.

Dar imeshapigwa na milipuko ya dengi, mmoja mkubwa mwaka 2014 na mwingine 2019. Dengi ni kirusi. Mseto haumgusi, na hakuna dawa ya kumuua. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha, mapumziko na parasetamo. Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Diklofenaki, ambayo mtaani hunywewa kama karanga kwa maumivu ya viungo, na aspirini pia, zinaweza kuzidisha kutoka damu kwa mgonjwa wa dengi. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone la damu la kidoleni na robo saa hivi ya kusubiri. Kikisema huna, amini, utafute kingine.

Taifodi nayo imekuwa jina la kila homa isiyoeleweka. Kipimo kinachotumika sana cha damu hutafuta kingamwili, askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na kimelea, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu maambukizi ya zamani. Jibu la uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa, na ndiyo sababu wengi hawaisubiri.

Kipindupindu njia yake ni kinyesi kufika mdomoni. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi ukijaa, baadhi ya wenye nyumba mabondeni hutapisha vyoo: wanatoboa shimo ili mafuriko yachukue uchafu bila gharama ya gari la kunyonya. Maji yale yale huingia kwenye kisima kifupi cha jirani na kwenye bomba lililopasuka. Mlipuko wa mwaka 2015 ulianzia hapa jijini, Kinondoni, ndipo ukasambaa mikoani. Mgonjwa huharisha choo kama maji ya mchele na anaweza kufa ndani ya saa chache, kwa kukaukiwa maji. Kwa hiyo kinachomwokoa kwanza ni kurudishiwa maji na chumvi, kwa ORS au dripu. Antibayotiki ni msaada wa baadaye. Kuchemsha maji au kuyatia klorini kunakata njia nzima.

Kifua kikuu hupita hewani. Robert Koch, Mjerumani ambaye mwaka 1898 alikuwa akichunguza malaria hapa hapa Dar es Salaam, ndiye aliyetangaza bakteria wake mwaka 1882. Mgonjwa akikohoa, vitone vidogo hubaki vikielea kwenye chumba au daladala iliyofungwa madirisha. Dirisha likiwa wazi hewa inavitoa. Sahani na kikombe havimo kwenye njia hiyo. Hata hivyo bado kuna nyumba mgonjwa anatengewa kikombe chake, kimewekwa pembeni kabatini, huku madirisha ya chumba anacholala na watoto yamefungwa kwa kuogopa baridi. Dawa ni za miezi sita na hutolewa bure, na kwa kawaida baada ya wiki chache za kuzimeza sawasawa mgonjwa haambukizi tena.