Paka si jeuri: dhana ninazokutana nazo kila ninapotoa kamera

Wiki haipiti bila mtu kuniambia, "Kaka, paka hana mapenzi. Mbwa ana mwenyewe, paka ana nyumba." Nimeyasikia hapa Mtwara, mitaa ya Shangani na Chuno, nimeyasikia Mikindani kwenye baraza za nyumba za zamani. Na mara nyingi anayeyasema ndiye aliyeniita nikampigie picha paka wake. Kazi yangu ni kupiga picha wanyama wa nyumbani. Nilianza na mbwa, nikaenda kwa mbuzi na kuku wa mashindano ya majirani, paka wakaja mwisho. Leo nikiulizwa mnyama ninayempenda mbele ya lenzi, jibu ni paka, na kauli hiyo ya nyumba imenichosha kweli.

Nitakaa hapo kwanza, kwa sababu ndipo kazi nyingi za kupiga picha zinapoharibikia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwawekea paka chakula, vitu vya kuchezea, vitu vyenye harufu na mtu wa kucheza naye, kisha wakaangalia kila mmoja anakwenda wapi. Nusu ya paka walikwenda kwa mtu. Chakula kipo pale, wao wakachagua mtu. Mwaka 2019 chuo hichohicho kikawatazama watoto wa paka wanaotenganishwa na mtu anayewalea kwa dakika chache halafu wanarudishiwa. Takriban asilimia 64 walitulia mara alipoingia, wakaendelea kuzurura chumbani kwa amani. Kiwango hicho kinakaribiana na cha watoto wachanga wa binadamu kwa mama zao. Sasa niambie nyumba inaingiaje hapo.

Tatizo ni kwamba tunamsubiri paka aonyeshe mapenzi kwa kurukaruka na kulamba uso. Paka haongei hivyo. Mama mmoja Mikindani alikuwa anamwita paka wake kwa jina huku mnyama amekaa kwenye kizingiti cha mlango, ameangalia barabarani. "Unaona? Hata hanijui." Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa na jicho kwenye kamera. Kila jina lilipotajwa, sikio la kushoto liligeuka nyuma kuelekea kwa mama, kichwa hakikusogea. Jina likatajwa, sikio likageuka. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2019 kwamba paka wanalitofautisha jina lao na maneno mengine. Anasikia, anajua ni yeye anayeitwa, ila haoni sababu ya kunyanyuka. Picha niliyoipenda siku ile ni hiyo ya sikio, na mama alipoonyeshwa kwenye skrini alinyamaza, halafu akacheka.

Angalia mkia. Ukisimama wima na ncha imepinda kidogo, hiyo ni salamu. Ukipigapiga huku na huku, ondoka. Angalia macho: paka akikutazama kisha akayafumba taratibu na kuyafumbua taratibu, anakwambia yuko salama nawe. Mfumbie na wewe vilevile. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wa mwaka 2020 ulikuta paka wanajibu ishara hiyo, na humkaribia zaidi mgeni anayeifanya kuliko aliyekaa na uso wa kawaida tu. Mimi huanza kazi hivyo, kamera ikiwa bado begani. Wateja wanaojua hunisubiri. Wasiojua huuliza tunaanza saa ngapi.

Sasa tazama tunavyompokea. Anaingia mgeni na begi kubwa, watoto wote wa mtaa wanajaa mlangoni, taa inawashwa, mjomba anapiga makofi. Paka anaingia uvunguni. Hapo anaitwa jeuri. Paka ni mwindaji mdogo ambaye na yeye huwindwa na wakubwa zaidi, kwa hiyo akitilia shaka jambo anajificha kwanza. Hapo ninachoomba ni chumba kimoja, mtu mmoja, mlango umefungwa, na mimi chini sakafuni. Akitoka mwenyewe, picha ipo.

Linalonikera kuliko yote huzaliwa na dhana hiyohiyo: "Mshike tu ngozi ya shingo, mama yake ndivyo alivyokuwa anambeba." Mama paka hubeba kitoto cha wiki chache, chepesi, na hukibeba hivyo ili kukihamisha tu. Paka mzima ukimning'iniza kwa shingo hatulii, anaganda kwa hofu. Uzito wote unavuta ngozi ile, hana pa kukanyaga. Kamera haifichi: masikio yamelala, mboni zimetanuka hadi rangi ya jicho imebaki ukingo mwembamba, mkia umekunjwa tumboni. Picha hiyo siiuzi, na mteja akiendelea kumshika hivyo nafunga lenzi. Anayetaka kumnyanyua apitishe mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, amweke karibu na mwili wake. Kwisha.

Mengine ni mafupi.

"Paka mweusi hatoki kwenye picha, ana mambo yake." Hana mambo. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, hivyo mweusi humtoa kijivu na mweupe humtoa mchafu. Kwa mweusi punguza mwangaza stopu moja (hatua moja ya mwanga kwenye kamera), kwa mweupe ongeza moja. Kisha msogeze dirishani mwanga umpige ubavuni, utaona manyoya yake moja moja. Na wanaomfukuza mlangoni kwa jina la dini wakumbuke kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipewa lakabu hiyo kwa sababu ya kitoto cha paka, na hadithi inasema paka si najisi bali ni katika wanaozunguka kwenu.

"Macho yanayowaka usiku ni ya jini." Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndilo linalomsaidia kuona penye mwanga hafifu na ndilo linalong'aa ukipiga flashi. Kwenye giza totoro haoni kitu, kama wewe. Flashi mimi siitumii kwa sababu inamshtua. Njoo saa kumi na moja jioni, chini ya kivuli cha baraza, mboni zinakuwa duara nzuri. Saa sita mchana jua la Mtwara linazifanya mstari tu.

"Akinguruma ana raha." Mara nyingi, ndiyo. Lakini paka hunguruma pia akiwa anaumwa au anazaa. Aliyekunja mgongo, hali, ananguruma, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Picha zitasubiri.

"Mpe maziwa atulie." Paka wengi wazima hawawezi kusaga sukari ya maziwa, utampa kuhara. Dagaa wawili wasio na chumvi wanatosha, na mpe mwishoni, si mwanzo, maana aliyeshiba analala.

La mwisho, tafadhali: msimwogeshe asubuhi ya picha. Ulimi wake una vijimiiba vinavyoelekea nyuma, ndicho kitana chake, na ukimlowesha na sabuni yenye harufu atatumia mchana mzima kujilamba ili arudi kunukia kama yeye. Mpanguse tongotongo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kitambaa anacholalia kila siku kileteni kama kilivyo, na nywele zake zote juu yake.