Kumbukumbu ya mtoto si msuli

Wazazi wengi wameambiwa kwamba kumbukumbu ni kama msuli: mkaririshe mtoto orodha ndefu, mpe michezo ya kukumbuka kwenye simu, na ubongo wote utapata nguvu. Sivyo.

Mazoezi huimarisha zaidi miunganiko ya seli za neva inayotumika katika kazi ileile. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walieleza habari za mwanafunzi wa chuo aliyejizoeza kwa zaidi ya saa 200, akatoka kukumbuka tarakimu 7 hadi 79. Alipopewa herufi, alirudi kwenye 6 hivi. Alichopata ni mbinu ya kuzipanga tarakimu katika mafungu yenye maana kwake. Uwezo wenyewe haukupanuka. Kwa watoto ni vivyo hivyo: michezo ya kumbukumbu ya muda mfupi huwanoa katika michezo inayofanana nayo, lakini faida hiyo mara nyingi haifiki kwenye hesabu wala kusoma.

Bora hivi: mtoto akishasoma, funga kitabu, aeleze mwenyewe. Rudieni kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki. Usikimbilie kumpa jibu, maana jitihada ya kulitafuta ndiyo inayolikaza. Kusoma mara 10 mfululizo hudanganya: maneno huzoeleka machoni, naye hudhani anayajua.

Na tafadhali, usiibe usingizi wake kwa ajili ya kukariri. Akiwa amelala ndipo ubongo huyarudia na kuyaimarisha ya mchana. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.