Mbwa mzee mwenye kongosho linalouma: mapanki, robo ya parasetamoli na mengine

Mbwa wa miaka kumi anagoma kula leo, kesho anakula, wiki ijayo anatapika povu la njano, na mwenye mbwa anaambiwa ni uzee. Uzee hautapishi. Kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, likivimba, likatulia, likavimba tena, hubaki na makovu, na mishipa ya fahamu inayolizunguka huzidi kuwa nyepesi kuhisi, kiasi kwamba maumivu yanaendelea hata siku ambazo uvimbe umepoa. Kwa hiyo mbwa huyu anahitaji mpango wa kila siku, si sindano kila anapozidiwa.

Kwanza tutenganishe tumbo na viungo. Mwanza mbwa wengi wanashinda wakipanda na kushuka mawe, na wakizeeka wengi wana nyonga au magoti yanayouma. Mwenye viungo vibovu hukakamaa anapoinuka asubuhi, akitembea kidogo analegea. Mwenye kongosho hukosa raha baada ya kula: analala, anainuka, anahama, analamba midomo, anapinda mgongo, au anashusha kifua hadi sakafuni huku makalio yakibaki juu. Ukimgusa tumbo chini ya mbavu anakaza misuli. Wapo wenye yote mawili, na hao ndio hupewa dawa zisizopatana. Homa ya kupe nayo huleta uchovu na kukataa chakula, tena aina mojawapo inaweza kulivimbisha kongosho lenyewe, kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kuhitimisha.

Chakula ndicho chenye kazi kubwa kuliko kidonge chochote, na adui mkuu huku kwetu ni mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara. Sangara huweka mafuta kichwani na tumboni, yaani sehemu zilezile zinazobaki baada ya kutolewa minofu, halafu mapanki yenyewe yanakaangwa. Bakuli moja linatosha kuamsha kongosho lililokuwa limelala. Dagaa wakavu pia wana mafuta kuliko wanavyoonekana. Ngozi ya kuku, utumbo na supu yenye utando juu, vyote viondoke. Wageni na watoto waambiwe wazi, maana kipande kimoja cha "huruma" kinaharibu kazi ya mwezi mzima.

Badala yake chukua sato. Mchemshe kwa maji tu, mtoe ngozi na kila mwiba. Mbwa wa kilo 12 asiye na pilikapilika nyingi anahitaji takriban kalori 550 kwa siku: wali uliokwishaiva gramu 300 na mnofu wa sato ulioiva gramu 130 vinafika hapo, na mafuta yote hayazidi gramu 5. Kifua cha kuku bila ngozi kinaweza kushika nafasi ya samaki. Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyochemshwa ikalainika inaweza kuchukua sehemu ndogo ya wali. Usiweke chumvi, kitunguu wala mafuta ya kupikia. Gawa milo minne midogo, kwa sababu mlo mkubwa mmoja hulilazimisha kongosho kumwaga vimeng'enya vingi kwa mpigo. Hamisha taratibu kwa siku nne au tano. Mlo huu hauna kalsiamu ya kutosha: saga maganda ya mayai yaliyochemshwa yakawa unga laini, weka nusu kijiko cha chai, kisichojaa, kwa siku. Ukipita wiki chache, daktari wa mifugo aongeze vitamini na madini, la sivyo unatibu tumbo huku unadhoofisha mifupa.

Dawa sasa. Zilizo rahisi kupatikana ndizo mbaya zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, hasa akiwa ametapika na kupungukiwa maji. Vipo vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli, kwa hiyo soma pakiti nzima, usisome jina la mbele tu. Hata meloksikamu ya mifugo siipendi kwa mbwa anayetapika. Sindano ya deksamethasoni humchangamsha siku mbili, na watu hudhani amepona. Ikikutana na diklofenaki, vidonda vya tumbo havikwepeki kirahisi.

Ninayoanza nayo mara nyingi ni parasetamoli, ikiwa ini limepimwa na liko sawa: miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8 hadi 12. Kwa kilo 12 hiyo ni robo ya kidonge cha miligramu 500. Kiwe cha parasetamoli tupu. Chenye kafeini hapana, wala dawa ya maji yenye zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Paka wa nyumbani asiiguse kabisa, inamuua.

Maumivu yakiwa ya muda mrefu, gabapentini husaidia kuituliza mishipa, kwa kipimo kama hicho cha miligramu 10 kwa kilo, mara mbili au tatu kwa siku. Kapsuli za 100 ndizo zinazofaa mbwa wa ukubwa huu. Kugawa ya 300 kwa macho ni kubahatisha. Siku za kwanza atayumba, hivyo zuia ngazi na mawe. Figo zikiwa dhaifu kipimo kipunguzwe, na usikatishe ghafla baada ya wiki kadhaa. Tramadoli ya kumeza sina imani nayo: mwili wa mbwa hauibadilishi vizuri kuwa ile kemikali inayotuliza maumivu.

Kichefuchefu kitibiwe kama sehemu ya maumivu. Maropitanti ikipatikana ni nzuri, ikikosekana ondansetroni. Asiyekula hata dawa za kumeza zitamshinda.

Andika kila jioni: amekula kiasi gani, ametapika mara ngapi, amelalaje, amekaza tumbo au la. Daftari hilo humsaidia daktari kupandisha au kushusha kipimo bila kukisia. Akitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, akipita saa 24 bila kula, ufizi ukiwa wa njano au kinyesi cheusi kama lami, mpeleke siku hiyohiyo. Anahitaji dripu na dawa kali za maumivu. Usipime upungufu wa maji kwa kuvuta ngozi, kwani ya mbwa mzee hurudi polepole hata akiwa mzima. Gusa ufizi: ukinata, maji yamepungua.

Akianza kunywa maji kupita kawaida, pima sukari. Akikonda ilhali anakula, na kinyesi kikawa kingi, cheupe na chenye mafuta, kongosho limeacha kutoa vimeng'enya na itabidi achanganyiwe vimeng'enya kwenye kila mlo.